Kisukari cha mimba: kidole kwanza, sahani baadaye

Kisukari cha mimba hakibishi hodi. Wengi wetu tuliokipata hatukusikia kiu ya ajabu, hatukukonda, wala hatukuwa na kidonda kilichokataa kupona. Kuamka usiku kukojoa, kuchoka, njaa ya ghafla: kila mwenye mimba anayo hayo, kwa hiyo hayakwambii kitu. Shoga yangu uliyeshika mimba, usingoje kuumwa. Kapimwe, na ujue kabisa unaomba kipimo gani.

Mimi napika vitumbua Ngamiani, hapa Tanga, si nesi. Ila mimba zangu mbili za mwisho zote zilikuja na sukari, na mtu ambaye kazi yake ni mchele, nazi na sukari hana pa kuikimbilia. Ilibidi nikae nayo jikoni mpaka niielewe. Ninayoyaandika ni niliyofundishwa kliniki na niliyoyaona mwenyewe kwenye mashine. Daktari wako akikwambia tofauti kwa hali yako, msikilize yeye.

Kipimo cha kuomba

Ukienda kliniki ya wajawazito unapewa kikopo cha mkojo. Kijiti kikichovywa kisibadilike rangi, mama anarudi nyumbani akijua hana sukari. Hapa ndipo ninapopiga kelele kuliko mahali pengine popote. Wakati wa mimba figo huachia sukari kwenye mkojo kirahisi, hata kwa mama asiye na kisukari. Na kinyume chake nacho hutokea: damu ina sukari ya kutosha kumdhuru mtoto, mkojo ukaonekana safi. Kijiti cha mkojo kina kazi yake, hasa kutazama protini kwa ajili ya kifafa cha mimba. Sukari itafutwe kwenye damu.

Kipimo chenyewe hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Unakwenda asubuhi na njaa, tangu usiku hujatia kitu mdomoni isipokuwa maji, angalau masaa manane. Unatolewa damu. Halafu unapewa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, unazinywa ndani ya dakika tano, na unakaa. Damu inatolewa tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Katikati hapo hakuna kula, hakuna kwenda sokoni mara moja na kurudi. Maji yale ni matamu mpaka yanakera, na ukitapika kipimo kimeharibika, itabidi kirudiwe siku nyingine. Jambo moja zaidi: usijinyime wali na ugali siku tatu kabla ili eti ufaulu. Kula kama kawaida yako, la sivyo majibu yatakudanganya wewe mwenyewe.

Namba ni hizi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na ziandike nyuma ya kadi yako ya kliniki. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, una kisukari cha mimba kama asubuhi na njaa umepata 5.1 au zaidi, au saa moja baada ya glukosi umepata 10.0 au zaidi, au saa mbili umepata 8.5 au zaidi. Moja kati ya hizo ikitimia inatosha, si lazima zote. Ukifika 7.0 na njaa, au 11.1 baada ya saa mbili, hicho wanakihesabu kuwa kisukari kamili, na huenda ulikuwa nacho kabla ya mimba bila kujua. Mashine nyingine husoma kwa miligramu: zidisha namba yangu kwa 18 utapata yao, kwa hiyo 5.1 ni kama 92.

Sasa utarudi nyumbani na 5.4 yako, na jirani mwenye mume wa kisukari atakwambia, "Mbona hiyo kawaida, baba Asha anaamka na 7 na anakwenda kazini!" Ni kweli kwamba kwa mtu asiye na mimba 5.4 haina shida. Kwa mjamzito mpaka uko chini, kwa sababu mtoto anaumia mapema kuliko mama. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao HAPO, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ukaonyesha kwamba hatari kwa mtoto hupanda kidogo kidogo kadiri sukari ya mama inavyopanda, hata kwenye namba ambazo zamani zilikuwa zinapita. Vigezo vya sasa vilitoka humo.

Kama kituo chako hakina glukosi, omba angalau sukari ya asubuhi na njaa. Ikifika 5.1, jibu umelipata. Ikiwa chini ya hapo, bado hujawa salama kabisa, maana wapo ambao asubuhi wako sawa na baada ya chakula wanapaa. Uliza ni hospitali gani wanakipima kikamilifu. Kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita (HbA1c) hakifai kutafutia kisukari cha mimba: damu ya mjamzito inabadilika haraka, na mwenye upungufu wa damu au selimundu anaweza kupata majibu yasiyo yake.

Wapo wasiopaswa kusubiri wiki ya 24. Kama uliwahi kuwa na sukari mimba iliyopita, kama uliwahi kuzaa mtoto wa kilo nne na kupanda, kama mimba ilikufia tumboni na sababu haikujulikana, kama mama, baba au ndugu wa tumbo moja ana kisukari, kama umevuka miaka 35 au mwili ni mkubwa, sema hayo hudhurio la kwanza na upimwe siku hiyo hiyo. Ukikutwa salama, unarudia wiki ya 24.

Kwa nini wewe, na si wifi yako anayekunywa soda kila siku

Swali hili lilininyima usingizi, na naona linawanyima wengi. Jibu ni kondo la nyuma. Pamoja na kumlisha mtoto, kondo hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitikie vizuri insulini, ile homoni ya kuitoa sukari kwenye damu, ili sukari isalie kwenye damu na mtoto apate chake. Homoni hizo huongezeka mimba inavyokua, ndiyo sababu kipimo kimewekwa mwezi wa sita. Ili kuzishinda, kongosho la mama lazima litoe insulini mara mbili au tatu ya ilivyozoea. Ni kama mimi niliyezoea kuuza vitumbua kwa mtaa mmoja, nikaletewa oda ya harusi na jiko ni lile lile. Wapo wenye jiko linaloweza. Wengine tunazidiwa.

Kwa hiyo anayekwambia umejiletea kwa ulafi, mwache na maneno yake. Unene na ulaji vina mchango, sikatai, lakini nimekaa benchi moja la kliniki na wanawake wembamba kama fimbo ya mnazi wenye sukari kuliko yangu.

Sukari ya mama inavuka kondo kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki. Mtoto akiletewa sukari nyingi, kongosho lake dogo linaanza kutoa insulini yake, na insulini hiyo inamjaza mafuta, hasa mabegani na tumboni. Hapa mtaani jitoto la kilo nne na nusu linapigiwa vigelegele, watu wanakuja kulitazama. Muulize mkunga aliyeshika kichwa kimetoka na bega limekwama. Anajua dakika hizo zilivyo, na anajua mkono wa mtoto unavyoweza kupooza kwa kuvutwa. Mbali na hayo, mtoto anaweza kupata shida ya kupumua na manjano, na sukari ikiachwa ovyo kabisa, anaweza kufia tumboni. Kwa mama kuna presha ya mimba, kifafa cha mimba, na uwezekano mkubwa zaidi wa kupasuliwa. Sitaki kukutisha zaidi ya hapo, kwa sababu ugonjwa huu, ukijulikana na kushikwa mapema, wengi wetu tunajifungua salama.

Kujichoma kidole

Mashine ya sukari inauzwa maduka ya dawa. Kabla ya kulipa uliza bei ya stripu zake, vile vijiti vya kuwekea tone la damu, maana mashine unanunua mara moja na stripu zinakufuata mpaka ujifungue. Mashine ya bei poa yenye stripu ghali ni hasara. Mashine ni vizuri kila mtu awe na yake, na mkilazimika kuazimana nyumbani isafishwe kila mara, ila sindano ya kuchomea kila mtu na yake, na isirudiwe kwa mtu mwingine hata kama ni mama yako mzazi.

Nawa mikono kwa sabuni na ukauke vizuri. Hili kwa sisi wapishi ni kubwa: ukitoka kukoroga unga wa vitumbua au kumenya embe, sukari iliyobaki kwenye ncha ya kidole inaweza kukupandishia namba ukahamanika bure. Choma ubavuni mwa kidole, siyo katikati ya ncha, hakuumi sana na kidole hakifi ganzi. Badilisha vidole. Kopo la stripu lifungwe hapo hapo, joto na unyevu wa pwani huziharibu, na tazama tarehe ya mwisho.

Nyakati za kupima ni asubuhi kabla hujala, kisha baada ya kila mlo. Saa ya kuhesabu inaanza pale ulipotia tonge la kwanza, siyo ulipomaliza. Malengo niliyopewa ya kujiangalia nyumbani, ambayo si zile namba za kugundulia ugonjwa, na ndiyo yanayotumika sehemu nyingi: asubuhi chini ya 5.3, saa moja baada ya kula chini ya 7.8, na ukipima saa mbili, chini ya 6.7. Wali wa nazi na vyakula vya mafuta vina ujanja wao. Mafuta huchelewesha sukari, saa moja ukaiona nzuri, saa mbili ikawa imepanda. Siku ya pilau pima saa mbili pia.

Stripu ni pesa. Kama huwezi kupima mara nne kila siku, zungumza na kliniki yako mkubaliane mpango. Mpango unaotumika ni kupima asubuhi na njaa kila siku, halafu mlo mmoja tu kwa zamu: leo baada ya staftahi, kesho baada ya chakula cha mchana, keshokutwa usiku. Andika kwenye daftari namba, saa, na ulichokula kwa kipimo, si "wali" tu. Daftari hilo ndilo daktari atakalolitazama kuamua kama unahitaji dawa, na ukilijaza uongo unajidanganya kwa gharama ya mwanao.

Sahani

Haya ndiyo mambo yangu. Na nianze na staftahi, maana huko ndiko wengi tunakoangukia. Asubuhi mwili wa mjamzito unaikataa insulini kuliko saa nyingine yoyote. Na asubuhi ndiyo saa yetu ya chai ya rangi vijiko vitatu, maandazi, vitumbua, chapati, mihogo, viazi vitamu! Wanga juu ya wanga juu ya sukari. Vitumbua viwili na chai ya sukari asubuhi vilinipandisha juu ya 10. Vitumbua vile vile viwili, vya mkono wangu mwenyewe, nikivila mchana baada ya samaki na mchicha, na chai bila sukari, namba ilikaa saba na kitu. Hapo nikaelewa kwamba swali halikuwa kitumbua tu, lilikuwa kitumbua saa ngapi, na nini, na vingapi.

Kwa hiyo asubuhi weka yai au mawili, au maharage ya jana, au dagaa, na kipande kidogo cha wanga pembeni: nusu chapati, kipande kimoja cha muhogo wa kuchemsha. Chai weka iliki, tangawizi, mdalasini, chochote, ila sukari itoe. Wiki ya kwanza utanuna. Baadaye ulimi unazoea. Na asali isikudanganye, wala sukari guru, wala eti sukari ya kahawia. Zote zikifika kwenye damu ni sukari. Soda ya chupa ina kama vijiko tisa vya chai vya sukari, hiyo sina la kuijadili. Juisi ya miwa hali kadhalika, na juisi ya kukamua nyumbani inakaribiana nayo, kwa sababu glasi moja ni machungwa matatu manne yaliyonyang'anywa nyuzi zake.

Uji wa lishe utanigombanisha na mama wakwe wote wa Tanga. Mjamzito anaambiwa anywe uji wa lishe, na kwa asiye na sukari ni chakula kizuri. Lakini unga umesagwa laini kama poda, umechanganywa mahindi, mchele, ulezi, ukachemshwa ukalainika zaidi, halafu ukatiwa sukari. Unakimbilia kwenye damu. Ukishindwa kuuacha kwa heshima ya aliyeupika, kunywa kikombe kidogo bila sukari, pamoja na yai au karanga, na usiwe wa asubuhi. Pima saa moja baadaye. Namba yako ndiyo itakayokujibia kwa mama mkwe kwa adabu.

Mchana na usiku kanuni ni ya sahani. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na kachumbari: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, biringani, kabichi. Robo iwe samaki, dagaa, kuku, mayai, au kunde, mbaazi, choroko, maharage. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, bada, ndizi au magimbi. Ugali usizidi ngumi yako, wali usizidi kikombe kimoja cha chai ukishaiva. Dona ni afadhali kuliko sembe kwa sababu pumba yake haijatolewa, ila tonge la dona nalo linahesabiwa. Anza kula mboga na samaki, wanga umalizie. Kwangu mpangilio huo peke yake ulipunguza namba bila kubadilisha chakula.

Angalia vyakula vinavyojificha kama mboga. Viazi mviringo kwenye mchuzi ni wanga, mahindi mabichi ni wanga, maboga na magimbi ni wanga. Wali kwa maharage na kiazi ndani ya mchuzi ni sahani yenye wanga mara mbili na nusu.

Matunda kula, tena kula yenyewe, usikamue. Chungwa moja la Muheza. Kipande cha papai. Embe dodo ni kubwa, nusu inatosha, na nusu ya pili mpe mtoto. Parachichi halina neno, sukari yake ni ndogo mno. Usile matunda pamoja na wali, wala asubuhi. Yaache kati ya milo, na karanga chache.

Na usijishindishe njaa. Hili nalisema kwa sababu nimewaona waliokata ugali kabisa baada ya kuogopeshwa. Mtoto anahitaji wanga, na mwili ukinyimwa unaanza kuchoma mafuta na kutoa tindikali zisizomfaa. Gawanya: milo mitatu ya wastani na vitafunio viwili au vitatu vidogo. Kabla ya kulala, karanga, mtindi usio na sukari au yai.

Ukimaliza kula, simama. Dakika kumi na tano hadi ishirini za kutembea baada ya mlo hushusha sukari waziwazi, utaiona kwenye mashine. Mimi nilikuwa nakwenda soko la Mgandini kwa mguu baada ya chakula cha mchana badala ya bodaboda. Kama daktari amekukataza kutembea kwa sababu ya damu kutoka au mlango wa kizazi kulegea, basi fuata katazo.

Dawa za mitishamba za kushusha sukari zitakuja nyingi, kila shangazi na chupa yake. Hakuna ajuaye dozi yake kwa mtoto aliye tumboni. Ziache.

Ramadhani

Kwetu pwani hili haliepukiki. Dini imempa mgonjwa na mjamzito ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na wewe ni vyote viwili. Mwenye kuchoma insulini kufunga ni hatari kweli: mchana sukari inaweza kushuka ukaanguka, na jioni ikapaa kwa futari. Zungumza na daktari wako kabla mwezi haujaandama. Hata usipofunga, futari ya nyumbani utakaa nayo mkekani. Tende, uji, kaimati zilizolowa shira, tambi za sukari, mihogo ya nazi, viazi vitamu, vyote kwa mpigo. Chagua kimoja. Tende moja, halafu samaki na mboga, na kipande cha muhogo. Kaimati zipite.

Sahani isipotosha

Wengi wetu tunamaliza mimba kwa chakula na kutembea tu. Kama wiki moja au mbili umefuata na namba bado ziko juu, hujashindwa wewe, ni kondo limekua. Daktari atakuanzishia vidonge vya metformini, au insulini, au vyote. Wanawake wanaiogopa insulini kuliko kitu chochote, wanasema ukianza huachi. Kwa kisukari cha mimba mara nyingi unaiacha siku ya kujifungua, kondo likitoka tu. Tena insulini haivuki kwenda kwa mtoto. Unachoma kwenye mafuta ya chini ya ngozi, tumboni au pajani. Sindano ni fupi, haimfikii mtoto. Dozi itakuwa inapandishwa kadiri wiki zinavyokwenda, na hiyo ni kawaida. Ikitokea wiki za mwisho sukari inashuka ghafla na dozi ile ile inakuangusha, nenda hospitali, kondo linaweza kuwa linachoka.

Chupa ambayo hujaifungua inataka jokofu, ila isigande. Iliyogandishwa itupwe. Uliyoifungua nyingi hukaa nje mwezi mmoja kama mahali pana baridi ya kutosha, na Tanga ya Februari haina mahali hapo. Kama huna jokofu, chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati jaza mchanga unaoumwagilia maji kila siku, chupa iwe ndani ndani kwenye mfuko mkavu, juu ufunike kitambaa kibichi. Weka kivulini panapopita upepo.

Ukitokwa jasho la baridi, ukitetemeka, moyo ukienda mbio, njaa ikakukaba, pima. Chini ya 3.9 sukari imeshuka mno. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda, ile ile niliyoikataa. Subiri dakika kumi na tano, pima tena, rudia kama bado, kisha kula chakula. Mwambie mumeo na watoto wakubwa dalili hizi kabla hazijatokea.

Wiki za mwisho na siku yenyewe

Kuanzia wiki ya 28 jua desturi ya mtoto wako anavyocheza. Akipunguza, usinywe maji baridi ukasubiri hadi kesho. Nenda. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: nenda usiku huo huo. Ukipewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kwa sababu uchungu umekuja mapema, jua zitapandisha sukari kwa siku chache, na wakumbushe wakupime mara kwa mara.

Jifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na wodi ya watoto wachanga. Panga usafiri na damu mapema. Kwa kawaida hawatakuacha uvuke wiki ya 41, na ukiwa unatumia dawa huenda wakakuanzishia uchungu karibu na wiki ya 39.

Kitovu kikikatwa, sukari kutoka kwako imekatika, lakini insulini ya mtoto bado iko juu. Ndiyo maana sukari yake inaweza kuanguka saa za mwanzo. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike asipate baridi, mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, na urudie kila saa mbili au tatu. Yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo usiyakamue ukayamwaga kama wanavyoshauri wengine. Ndiyo anayoyahitaji. Asali asilambishwe, maji ya sukari asipewe kienyeji. Omba apimwe sukari kisiginoni kabla ya kunyonya tena. Akilegea, akitetemeka, akikataa ziwa, ita nesi, usingoje zamu ibadilike. Mtoto hajazaliwa na kisukari, ni mpito.

Baada ya kujifungua sukari ya mama hurudi chini, na hapo ndipo wengi wanaponyamaza. Aliyepitia kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha ukubwani mara saba hadi kumi kuliko ambaye hakupitia. Kunyonyesha kunapunguza, kurudisha mwili kunapunguza, na siku za arobaini zisigeuke mwezi wa uji wa sukari vikombe sita kwa siku. Kipimo cha glukosi gramu 75 kinarudiwa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Mtoto anatakiwa chanjo wiki ya sita na ya kumi, kwa hiyo safari ni ile ile: toka nyumbani hujala, mbebe, achanjwe wakati unasubiri damu ya pili. Ikiwa sawa, rudia kila mwaka mmoja hadi mitatu. Ukishika mimba nyingine, sema hudhurio la kwanza kwamba uliwahi kuwa na sukari, na hakikisha imeandikwa kwenye kadi mpya.